Sirene inalia mbele ya mlipuko: hadithi za mapenzi ambazo vijana wetu wanaandika ku telefone

Toka Kipushi mpaka Kolwezi, mzazi akiona kijana ameinama juu ya telefone saa sita ya usiku, anafikiri mambo mawili: anaongea na mpenzi wake, ao anaangalia mpira. Kuko jambo la tatu ambalo bamama na bababa wengi hawalijui. Mtoto anasoma hadithi. Na wakati mwingine yeye mwenyewe njo anaiandika.

Hadithi hizo wanaziita fanfiksioni. Maana yake si ngumu. Mtu amesoma kitabu, ao ameona filme, akawapenda watu waliomo. Kitabu kinaisha, lakini yeye hataki kiishe. Basi anachukua watu walewale na kuwaandikia maisha mengine: nani alioa nani, nani alirudi, nani hakufa. Hapati hata franga moja. Anaandika kwa kupenda, na wapenzi wenzake wanasoma bure.

Kazi hiyo haikuanza jana. Huko Marekani, mwaka 1967, wapenzi wa Star Trek, ile filme ya televizioni juu ya safari za nyota, walichapa kijarida chao, Spockanalia. Intaneti ilipokuja, wapenzi wa namna hiyo wakahamia humo. FanFiction.net ilifunguliwa mwaka 1998. Wattpad ilianza mwaka 2006 kule Toronto, Kanada. Archive of Our Own ilifungua mlango wake mwaka 2009, na mwaka 2019 ikapewa zawadi ya Hugo, zawadi yenye heshima kubwa kwa hadithi za sayansi na maajabu. Leo humo watu wanasoma kwa Kiingereza, kwa Kifaransa na kwa luga nyingine nyingi. Mtu wa Katuba anaingia sawa na mtu wa Paris, paka awe na mega.

Juu ya nini tunaongea mambo haya na watu wa migodi? Kwa sababu hadithi nyingi kati ya hizo ni za mapenzi, na mapenzi yanafika mpaka kitandani. Nyumbani kwetu hatuongei mambo hayo, tunaona haya. Mtoto asipoambiwa na mama wala na shangazi, anafundishwa na hadithi. Na kile anachojifunza humo juu ya neno «hapana» kinaweza kumfikisha pabaya: msichana ku hospitali, kijana ku buloko.

Sirene haikatazi baruti

Mtu aliyefanya kazi ku karieri anajua sheria hii. Mbele ya kulipua, sirene inalia. Mashini zinarudi nyuma, kapita anahesabu watu wake, kisha njo moto unawashwa. Sirene haikatazi mlipuko, maana bila mlipuko hatupati jiwe. Inasema tu: hapa kutalipuka, anayetaka kutoka atoke sasa. Anayelipua bila sirene, hata kama jiwe limepasuka vizuri, amecheza na roho za watu.

Waandishi wa fanfiksioni wako na sirene yao. Mbele ya mstari wa kwanza wanaweka alama za onyo. Archive of Our Own inaomba mwandishi aseme kama mambo mane makubwa yako ndani: ukali na damu vinavyoelezwa waziwazi, kifo cha mtu mkubwa wa hadithi, mtu kubakwa, na mambo ya kitanda ya mtu asiyetimiza miaka 18. Tena anataja hadithi ni ya nani: ya watu wote, ya vijana, ya wakubwa, ao ya wakubwa yenye mambo wazi kabisa. Chini yake anaongeza maneno yake mwenyewe: ulevi, kupigwa ndani ya ndoa, mimba iliyoharibika, kutaka kujiua. Msomaji anaona hayo yote kabla hajaingia, na hadithi ya wakubwa inamwuliza kwanza kama anakubali kuendelea.

Wengine wanalalamika: onyo linafunua siri ya hadithi, utamu unaisha. Kwa hao kuko njia. Mwandishi anaruhusiwa kuandika kwamba amechagua kutotoa onyo. Hiyo nayo ni alama. Ni kama shimo ambalo hakuna mtu amepima hewa yake: anayeshuka anajua kwamba hakuna aliyemhakikishia kitu, anashuka kwa kutaka kwake.

Kile kisichoruhusiwa ni kudanganya. Kuandika «ya watu wote» juu ya hadithi ambamo mtu anabakwa ni kuzima sirene kusudi.

Alama hizo zinamsaidia nani? Kwanza mtoto, na mzazi anayemchunga. Kisha mtu aliyefanyiwa ubaya huo katika maisha yake. Inchi yetu inajua uchungu huo. Mwaka 2018 daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, kule Bukavu, alipewa zawadi ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad wa Irak, juu ya kupigana na ubakaji unaotumiwa kama silaha ya vita. Mama aliyepita njia hiyo, akifungua hadithi ili apumzike kisha kazi ya siku nzima, ana haki ya kuambiwa mapema kile kinachomngoja ku ukurasa wa kumi.

Lakini tusiseme kwamba alama ni dawa. Mwaka 2023 wachunguzi walitoa matokeo ya majaribio mengi waliyokusanya pamoja. Waliona kwamba onyo peke yake halimpunguzii msomaji uchungu, na watu wengi wanasoma tu hata kama wameonywa. Siye tunaona hilo halishangazi. Sirene nayo haifungi kidonda. Kazi yake ni kumpa mtu nafasi ya kuchagua mwenyewe, na nafasi hiyo ni kitu kikubwa kwa mtu ambaye siku moja alinyimwa uchaguzi wote.

Pale mwandishi mwenyewe haoni

Vijana wengine wanafikiri: nimeweka alama juu, basi deni langu limelipwa. Hapana. Alama ni mapatano kati ya mwandishi na msomaji. Ridhaa, ndiyo kuitika kwa moyo bila kusukumwa, ni mapatano kati ya watu wawili walio ndani ya hadithi. Haya ni mambo mawili, na moja halichukui nafasi ya lingine.

Hadithi inayotaja ubaya kwa jina lake haitutishi sana, maana msomaji anajua alipo. Inayotutisha ni ile ambamo mwandishi mwenyewe hajui kwamba ameandika ubaya, na anauita mapenzi. Mifano iko mingi.

Mwaka 1967 Star Trek ilionyesha Spock, mtu wa sayari ya Vulcan, akishikwa na homa ya damu inayowapata watu wake: asipopata mke, anakufa. Wapenzi wa Star Trek wameandika hadithi nyingi juu ya homa hiyo. Swali linabaki palepale: mtu anayelala na mwingine kwa sababu bila hivyo mwenzake atakufa, ameitika ao amefungwa kamba? Waandishi wenye akili walitengeneza alama ya peke yake kwa mambo ya katikati kama hayo, ambapo ridhaa iko na mashaka. Hawakuliacha swali. Waliliandika mbele, msomaji alione.

Mfano wa pili watu wa kwetu wataufahamu haraka: dawa ya mapenzi. Ndani ya kitabu cha sita cha Harry Potter, cha mwaka 2005, mzee Dumbledore anawaza kwamba mama ya Voldemort alimnywesha dawa hiyo kijana aliyemtamani, akaolewa naye. Alipoacha kumnywesha, bwana akamkimbia, akamwacha na mimba. Katika fanfiksioni dawa hiyo inarudi mara nyingi, na mara nyingine inafanyiwa mchezo. Lakini mtu aliyenyweshwa hakuitika. Ni sawa na msichana aliyeleweshwa bia ku feti. Kijana akisema «lakini hakukataa», tunamwuliza: angekataa na kinywa gani?

Mfano wa tatu uko katika zile hadithi za Kifaransa zinazoitwa «chroniques», ambazo wasichana wengi wanazipenda. Si fanfiksioni zote, lakini wasomaji ni walewale. Humo mara nyingi tunakuta ndoa ya nguvu. Msichana analia usiku wa kwanza, bwana ni mkali, ana wivu, anamshika mkono mpaka unavimba. Kisha sura thelathini, msichana anampenda. Hakuna onyo, imeandikwa «romance» tu. Mtoto wa miaka kumi na nne anafunga telefone na fundisho moja kichwani: vumilia, kipigo kitageuka upendo.

Hata vitabu vikubwa vimeguswa na jambo hilo. Fifty Shades of Grey ilianza kama fanfiksioni ya Twilight kabla ya kutoka kama kitabu mwaka 2011. Filme yake ilipotoka mwaka 2015, watu wanaopigania wanawake waliopigwa na wapenzi wao walisimama kuipinga. Walisema mwanaume anayefuata mwanamke kila anapokwenda na kumtawala hapaswi kuuzwa kama ndoto ya kila msichana.

Kijana anayeandika afanye nini

Hatuwaambii vijana waache kuandika. Anayeandika hadithi anajifunza luga, anajifunza kutazama watu, na saa hizo hayuko barabarani. Tunawaomba paka wafanye kazi hiyo kama fundi anayejua hatari ya chombo chake.

Kwanza, tazama nani ana nguvu. Kapita na mfanyakazi wake, mwalimu na mwanafunzi, bwana mwenye makuta na msichana anayetafuta feza za minervali: «ndiyo» ya mnyonge si nyepesi. Ukiandika watu hao, usijifanye kama nguvu hiyo haiko. Iandike. Hadithi yako itakuwa na nguvu zaidi, kwa sababu ndiyo maisha yenyewe.

Pili, wape watu wako kinywa. Waandishi wengi wanaogopa kwamba mwanaume akiuliza «unataka?» moto wa mapenzi utazimika. Si kweli. Kuuliza na kujibu kunaweza kuwa sehemu tamu kuliko zote: mmoja anangoja, mwingine anacheka, anasogea, ao anasema «si leo». Na yule aliyesema ndiyo jana anaweza kusema hapana leo, hata kama ni bibi na bwana.

Tatu, ukiandika ubaya, usiuache upite kama mvua ya dakika tano. Mtu aliyebakwa haamki asubuhi akaimba. Onyesha kile kinachobaki: woga, haya, jamaa inayomlaumu, rafiki anayemsadiki.

Ine, hesabu miaka ya watu wako. Watoto usiwaandikie mambo ya kitanda.

Tano, mwombe mwenzako asome mbele ya kutoa, na umwulize jambo moja: «Hapa, unaona huyu ameitika?» Akisita, rudi uandike tena, ao uweke alama.

Sheria inasema nini

Ndani ya hadithi hakuna tribinali. Inje iko. Sheria n° 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inamfunga aliyebaka miaka 5 mpaka 20. Na kama aliyelala naye hajatimiza miaka 18, sheria inahesabu ni kubaka, hata kama mtoto alisema ndiyo. Kumlazimisha mtu kuolewa nako kuna azabu. Vijana wetu wajue kwamba yale ambayo hadithi inaita «alikataa, lakini moyoni alitaka», juge anayaita kwa jina lingine.

Nanyi wazazi, msikimbilie kunyang'anya telefone. Mtoto atasoma kwa telefone ya rafiki, na hamtajua tena kitu. Mwambie: «Mwanangu, nisomee kidogo hiyo hadithi.» Msikilize mpaka mwisho. Kisha uulize: huyu msichana, mtu alimwuliza? Huyu kijana, angefanya hivyo kwa dada yako, ungemfurahia? Mama anaweza kuanza, baba naye asikimbie. Watoto wanaume wanahitaji kusikia maneno haya kutoka kinywani mwa baba, si kwa mama peke yake. Muonyeshe tena zile alama za mwanzo, umfundishe kuzisoma kama vile ulivyofundishwa kusoma kibao cha hatari ku kazi.

Na kama mtoto, kisha kusoma, anakwambia polepole «Mama, hii ilinipata mimi», acha yote. Usimpigie kelele, usimwulize alivaa nini. Kama ilitokea siku hizi, mpeleke hospitali mbele ya saa 72 kupita, maana ndani ya saa hizo daktari anaweza kumpa dawa za kuzuia sida. Nguo alizovaa usizifue, zichukue pamoja naye. Maneno ya jamaa, kulipana mbuzi na kupatana chini ya muti, yasimfungie njia ya kutunzwa.