Monte Testaccio: jalala la mafuta la Roma ya kale

Kusini mwa jiji la Roma, karibu na Mto Tiber, kuna kilima chenye kimo cha mita 35 hivi na mzingo wa karibu kilomita moja. Kinaitwa Monte Testaccio. Juu kimeota majani, lakini ndani yake hakuna mwamba: ni vigae vitupu, masalia ya mitungi inayokadiriwa kufikia milioni 53.

Karibu yote ilikuwa mitungi ya mafuta ya zeituni. Mingi ilitoka Baetica, jimbo la Warumi kusini mwa Hispania, na mingine ilitoka pwani za Libya na Tunisia za leo. Mtungi wa Baetica ulikuwa wa mviringo, wenye ukuta mnene. Ukiwa mtupu ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi, na uliingia lita 70 za mafuta. Ulipofika bandari ya mtoni, mafuta yalimiminwa katika vyombo vingine, na mtungi ukavunjwa. Mitungi ya aina nyingine ilitumiwa tena, au ikasagwa na kutiwa katika chokaa ya ujenzi. Huu wa mafuta haukufaa, kwa kuwa udongo wake ulinyonya mafuta yakachacha humo humo.

Hata hivyo, vigae havikutupwa ovyo. Vilipangwa kwa matuta, na kingo zilijengwa kwa mitungi iliyojazwa vigae ili matuta yasiporomoke. Juu yake ilinyunyizwa chokaa kuzuia uvundo. Jalala hili lilikuwa na wasimamizi, tena makini.

Utajiri wake halisi ni maandishi ya wino, ambayo mwanaakiolojia Heinrich Dressel alianza kuyachunguza mwaka 1872. Juu ya mtungi uliandikwa uzito wake ukiwa mtupu, kwa ratili za Kirumi. Chini yake jina la mfanyabiashara. Kisha uzito wa mafuta peke yake, mara nyingi ratili 216 hivi. Pembeni, karibu na kishikio, karani aliandika mshazari, kwa mwandiko wa haraka, mji yalikokaguliwa mafuta na majina ya makonsuli wawili, yaani viongozi wakuu wa Roma, wa mwaka huo. Kwa kuwa makonsuli wa kila mwaka wanajulikana, kigae kama hicho hutaja mwaka wake waziwazi, jambo ambalo ni nadra kwa vyombo vya udongo.

Kwa maandishi hayo, hata siasa huonekana. Chini ya Kaisari Septimius Severus, aliyetawala kuanzia mwaka 193 hadi 211, mahali pa jina la mfanyabiashara panaanza kuandikwa majina ya Kaisari na wanawe. Wanahistoria wengi huona hapo mkono wa dola ukiingia katika biashara ya mafuta. Baadaye panaandikwa hazina ya dola, na hatimaye majina ya wafanyabiashara yanarudi, kabla ya kilima kuachwa katika nusu ya pili ya karne ya 3.