Swichi ya Kilango cha Hewa: Jina na Kazi Yake

Istilahi ya chombo haina budi kumjulisha msomaji chombo hicho hufanya nini. Jina likipotoka, kipimo nacho hupotoka, na kitu kizima huishia jalalani. Tutatoa mfano wa kifaa kidogo kilichofungwa katika magari ya zamani yaliyotumia L-Jetronic, mfumo wa kunyunyiza petroli kwa kuongozwa na umeme, ambao kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuutoa mwaka 1973.

Dereva wa gari la namna hiyo akanyagapo pedali ya mafuta, hafungui petroli, bali huzungusha bamba la duara lililomo katika njia ya hewa iingiayo kwenye injini. Bamba hilo tutaliita kilango cha hewa. Kwenye ncha ya mhimili wake ndipo kifaa chetu kilipofungwa. Wajerumani hukiita Drosselklappenschalter, na sehemu ya mwisho ya jina hilo, Schalter, maana yake ni swichi.

Ndani ya kifaa mna jozi mbili za viguso. Jozi ya kwanza hugusana pedali isipokanyagwa. Jozi ya pili hugusana kilango kinapokaribia kufunguka chote. Katikati, jozi zote mbili huwa zimeachana. Hakuna habari nyingine inayotolewa.

Sasa, mfasiri akikiita kifaa hiki "kipimio", amekipa jina la kifaa kingine, kilichotumika katika mifumo mingine, ambacho ukinzani wake hubadilika kidogo kidogo kadiri kilango kinavyofunguka. Fundi aliyesoma tafsiri hiyo atangoja mshale wa mita upande polepole. Akiuona unaruka ghafla, atasema kifaa kimekufa, akitupe kizima, na vipuri vya magari hayo si rahisi kupatikana.

Upimaji ulio sahihi ni huu:

1. Injini izimwe, na plagi ya swichi ichomolewe. Katika magari mengi ya mfumo huu ncha zake zimeandikwa 2, 3 na 18.

2. Mita ya omu iunganishwe kati ya ncha 2 na 18. Pedali isipokanyagwa, mita isome karibu na sifuri. Kilango kikifunguliwa kidogo tu, ukinzani uruke mara moja na kuwa usio na kikomo.

3. Mita ihamishiwe kati ya ncha 3 na 18. Hapa ukinzani uwe usio na kikomo tangu mwanzo, kisha ushuke hadi karibu na sifuri kilango kinapokaribia mwisho.

Mita ikisoma ukinzani wa kati, au ikiyumbayumba, viguso vimechafuka au vimeshika kutu. Jozi ya pili isipogusana, injini haipati nyongeza ya petroli, na gari hukosa nguvu mlimani.

Mara nyingi dawa ni kusafisha. Mahali pa swichi patiwe alama, skrubu zake zilegezwe, nayo itolewe. Kama kifuniko chake chaweza kufunguliwa bila kuvunjwa, viguso vipanguswe kwa kitambaa laini kilicholowekwa spiriti. Msasa usitumiwe, kwani hukwangua viguso. Wakati wa kurudisha, swichi izungushwe taratibu mpaka jozi ya kwanza igusane kilango kikiwa kimefungwa, na iachane mara tu kinapoanza kufunguka. Hapo skrubu zikazwe, na vipimo virudiwe.

Kwa sababu hizo twapendekeza matumizi haya:

(a) kilango cha hewa: bamba linalozuia au kuruhusu hewa kuingia katika injini;

(b) swichi ya kilango cha hewa: kifaa chenye viguso, kinachoarifu kama kilango kimefungwa au kimefunguliwa chote;

(c) kipimio cha kilango cha hewa: kifaa kinachoonyesha kilango kimefunguka kwa kiasi gani.

Tofauti ya (b) na (c) ni ya neno moja tu, lakini ndiyo itakayomwongoza fundi aelewe anachokiona kwenye mita.