ASIYEWEZA KUSIMAMA ASIITWE MVIVU

Ndugu wafanyakazi, fikirini habari ya kijana mwenye nguvu aliyeshinda kutwa akipakia mizigo. Jioni akala wali hata akashiba, akalala. Alfajiri akaamka akili yake timamu, lakini miguu haikuinuka. Nyumbani wakanong'ona kuwa amerogwa. Kazini msimamizi akaandika kuwa ni mvivu. Wote wamekosa.

Mbele ya koo ipo tezi itoayo homoni ziongozazo kasi ya mwili. Tangu mwaka 1835 daktari Robert Graves wa Dublin alieleza habari za wagonjwa ambao tezi hiyo ilivimba na moyo ukaenda mbio. Tezi ikizidisha kazi, mtu hukonda ingawa anakula sana, jasho humtoka na mikono hutetemeka. Kwa wachache hutukia zaidi ya hayo: madini ya potasiamu yaliyomo katika damu, ambayo kwa kawaida ni milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita, hukimbilia ndani ya misuli. Hapo misuli haiitiki tena, ikalegea, hasa ya mapajani. Mlo mwingi wa wanga, au mapumziko baada ya kazi nzito, huweza kuanzisha shambulio.

Maradhi haya yameonekana zaidi kwa wanaume wa Japani, China na nchi jirani, hasa wenye umri wa miaka 20 hadi 40. Lakini hakuna taifa lililokingwa nayo. Tena wanawake ndio wapatao zaidi ugonjwa wa tezi hiyo, walakini wanaopooza hivi karibu wote ni wanaume.

Hatari kubwa haiko miguuni, iko moyoni. Potasiamu ikishuka mno, mapigo huvurugika na mtu aweza kufa. Basi apelekwe hospitali upesi, apimwe damu. Asinyweshwe potasiamu nyumbani kwa kukisia, maana ile iliyojificha misulini itarudi katika damu, na ikizidi nayo huua. Wala nguvu zikirudi asidhani amepona: mashambulizi hukoma tezi yenyewe inapotibiwa kwa dawa, kwa iodini ya mionzi au kwa upasuaji.

Nasi tulio wazima tunao wajibu. Kabla ya kumfukuza mwenzetu kwa sababu hakuinuka asubuhi, yatupasa kwanza kumpeleka kwa daktari. Uvivu ni aibu. Kumwita mgonjwa mvivu ni aibu iliyo kubwa zaidi.