Nyayo za wazee hutazamwa na nani?

Kiswahili hutumia neno mguu kwa kiungo chote, tangu nyongani hadi vidoleni. Sisi tunaofundisha isimu hatuoni ajabu katika hilo, lakini ndani ya chumba cha daktari jambo hilo lina gharama yake. Bibi mzee wa Njoro asemapo, "Mguu wanisumbua," yamkini ataulizwa habari za goti na kiuno, apewe vidonge vya maumivu, kisha arejee nyumbani pasipo mtu kumvua kiatu. Na huenda taabu yenyewe imo wayoni.

Si kwamba lugha imepungukiwa. Tuna wayo, kisigino, gaga, sugu, donda ndugu. Tuna pia ganzi, nalo ndilo neno zito kuliko yote hayo. Kisukari kikidumu mwilini kwa miaka mingi bila kudhibitiwa, huharibu neva za miguu na kuibana mishipa ya damu. Mgonjwa hukanyaga msumari asihisi. Kokoto humchubua kutwa nzima kiatuni naye hana habari. Kidonda kisichopata damu ya kutosha hakiponi upesi, vijidudu huingia, na wengine huishia kukatwa mguu. Tumezoea kudhani kwamba kisichouma hakidhuru, ilhali kwa mtu huyu kutouma ndiyo dalili yenyewe.

Mazingira yetu nayo hayasaidii. Jina Nakuru husemekana limetokana na neno la Kimaasai lihusulo vumbi, na vumbi hilo lingali nasi hata baada ya mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Ngozi ya kisigino hukauka ikapasuka magaga, na kila ufa ni mlango wa maradhi. Katika sakafu za udongo huzaliana funza, mdudu aliyefika Afrika kutoka Marekani ya Kusini katika karne ya 19; mzee asiyeweza kuinama wala kuona vyema atamtoaje? Kule Molo, baridi huwafanya wazee wasogeze miguu karibu na jiko la makaa, na mwenye ganzi huungua bila kujua. Sisemi juu ya viatu vya mitumba ambavyo tayari vimefuata umbo la mguu wa mtu mwingine.

Walimu wenzangu wasidhani haya ni ya wengine. Tangu 2009 tunastaafu tukiwa na miaka 60, wala si 55. Hiyo ni miaka mitano zaidi ya kusimama mbele ya ubao.

Mwanafunzi aliye likizoni aweza kumsaidia nyanya au babu yake. Amtazame nyayo na katikati ya vidole kila jioni. Aoshe kwa maji ya uvuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko, akaushe vizuri, apake mafuta kila mahali ila katikati ya vidole. Kucha zikatwe kwa kunyoosha, pembe zisichimbwe. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa, na kipya kinunuliwe alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo.

Kliniki nazo zina kipimo cha ganzi: uzi wa nailoni hubonyezwa wayoni hadi ukunjike, na mgonjwa, akiwa amefumba macho, huitika kila auhisipo. Hakichukui hata dakika tano. Mzee mwenye kisukari akiombe angalau mara moja kwa mwaka, na akiombapo ataje wayo.