Raia wa Kuzaliwa: Kuzaliwa Wapi, au Kuzaliwa na Nani?

Wasomaji wa safu hii wamezoea kuniuliza maswali ya ngeli na asili ya maneno. Hata hivyo, katika miezi ya hivi karibuni nimepokea barua kadhaa ambazo hazihusu sarufi, au tuseme zinaihusu kwa njia ambayo waandishi wake hawakuikusudia. Mmoja amemwoa binti kutoka Uganda na anataka kujua iwapo nikahi imekwisha kumfanya mkewe kuwa Mkenya. Mwingine ana ndugu huko Marekani aliyepewa pasipoti ya huko, na sasa anahofia kwamba akirudi nyumbani atapokelewa kama mgeni. Wa tatu anauliza kama mtu aliyeruhusiwa kuingia nchini ameruhusiwa pia kufanya kazi.

Mimi si wakili, na aliye na shauri zito hana budi kumwendea wakili. Lakini ninayo sababu ya kuyagusa maswali haya. Mwaka 2017 nilimpa mtu ushauri wa uraia kwa kinywa kipana, nami nilikuwa nimekosea. Mtu huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa kuzaliwa.

Dada yangu aliolewa Tanga mwaka 1989. Mwanawe wa kwanza alizaliwa huko mwaka 1991, akasoma huko, akajifunza ufundi wa friji huko huko. Mumewe alipofariki, dada alirejea kwetu Mombasa, na kijana akamfuata ili amtunze mama yake. Alifika kwangu na begi moja, akanisalimu kwa adabu zote za watu wa Tanga, kisha akaniuliza: "Mjomba, nifanyeje ili nikae kihalali?" Nikamjibu bila kufikiri mara mbili kwamba yeye ni Mtanzania, hivyo atafute mwajiri atakayemwombea kibali cha kazi. Aliniamini. Kwake yeye, mjomba mwenye shahada ya uzamifu ni mtu anayejua mambo.

Yaliyofuata sitaki kuyarefusha. Mafundi wa friji wapo tele Mombasa, na hakuna mwajiri aliyekuwa tayari kusumbuka kumwombea mgeni kibali. Alitokea dalali mmoja aliyeahidi kumtafutia, akachukua fedha alizolimbikiza kijana kwa miezi mingi, kisha akazima simu. Kwa miaka sita mpwa wangu aliishi kwa pasi ya mgeni mtembezi. Siku zake zilipokaribia kwisha alipanda matatu hadi Lungalunga, akavuka kwenda Horohoro, akalala Tanga, akarudi kugongewa muhuri mpya. Akitengeneza friji ya mtu alifanya hivyo kwa siri, akijua kwamba mgeni mtembezi haruhusiwi kufanya kazi. Polisi wakipita barabarani alikuwa akigeuza uso ukutani. Nilimwona akifanya hivyo siku moja tulipokuwa pamoja Kongowea, nami nikajifanya sikuona.

Mwaka 2023 mwenzangu mmoja wa Kitivo cha Sheria aliniletea tafsiri iliyofanywa na wanafunzi wake, ya Sura ya Tatu ya Katiba yetu ya 2010, niikague lugha. Sura hiyo ndiyo inayohusu uraia. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi, nikiwinda viambishi vilivyopotoka, nilipokifikia Kifungu cha 14. Kifungu hicho kinasema kwamba mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa, awe amezaliwa Kenya au kwingineko, mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya. Ibara ya pili inaongeza kwamba kanuni hiyo inawahusu vilevile waliozaliwa kabla ya Katiba hiyo kuanza kutumika, ikiwa mzazi mmojawapo ni raia au aliwahi kuwa raia. Kalamu niliiweka chini. Dada yangu hajawahi kuwa raia wa nchi nyingine yoyote. Mpwa wangu, ambaye nilikuwa nimemfanya mgeni kwa maneno yangu mwenyewe, alikuwa Mkenya siku zote hizo sita za miaka ya kujificha.

Nimejiuliza mara nyingi kosa langu lilitoka wapi. Sehemu yake ni uvivu tu, na huo sina utetezi. Lakini sehemu nyingine imo katika maneno yenyewe, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana nimeingia shambani kwangu.

Tunaposema "raia wa kuzaliwa", sikio la Mswahili husikia mahali. Mzaliwa wa Lamu ni mtu aliyezaliwa Lamu. Mzaliwa wa Tanga ni aliyezaliwa Tanga. Kwa hiyo raia wa kuzaliwa, kwa sikio hilo, ni yule ambaye kitovu chake kilizikwa katika ardhi hii. Katiba ya Kenya haisemi hivyo. Katika sheria yetu, swali si ulizaliwa wapi bali ulizaliwa na nani. Mtoto wa wazazi wawili wa kigeni aliyezaliwa Pumwani au Makadara si raia kwa sababu hiyo pekee, ilhali mtoto wa Mkenya aliyezaliwa Muscat ni raia tangu pumzi yake ya kwanza. Mahali huhesabika katika hali moja hasa: mtoto anayeokotwa nchini, akionekana kuwa na umri wa chini ya miaka minane, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa.

Mpwa wangu alikuwa na kikwazo cha ziada, nacho kimetokana na Kiswahili kizuri cha majirani zetu. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inatenga aina tatu, nazo huitwa kule uraia wa kuzaliwa, uraia wa kurithi na uraia wa tajinisi. Aliyezaliwa nje ya Tanzania na mzazi Mtanzania ni raia wa kurithi, si wa kuzaliwa. Kijana aliyelelewa na msamiati huo akiambiwa kwamba Kenya ina raia wa kuzaliwa na raia wa kuandikishwa basi, atajiona hayumo katika fungu lolote. Sisi tumelimeza neno "kurithi" ndani ya "kuzaliwa" bila kumwambia mtu. Maneno ni yale yale, lugha ni ile ile, na mpaka umepita katikati ya maana.

Jambo la pili lililonipoteza lilikuwa kumbukumbu ya sheria ya zamani. Wengi wetu tuliokua katika miaka ya themanini na tisini tulifundishwa, bila kufundishwa darasani, kwamba uraia ni mali ya baba. Na ndivyo ilivyokuwa. Chini ya katiba ya uhuru, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alipata uraia kupitia kwa babake tu. Mwanamume Mkenya aliyeoa nje aliweza kumleta mkewe akaandikishwa. Mwanamke Mkenya aliyeolewa na mgeni hakuwa na haki ya namna hiyo kwa mumewe. Mwaka 1991 mpwa wangu alipozaliwa, kweli hakuwa Mkenya kisheria. Agosti 2010 ndiyo iliyombadilisha, naye hakuambiwa, wala mamake, wala mjomba wake msomi.

Sasa nirudi kwa waandishi wa barua, nao watanisamehe nikiwajibu kwa mkato.

Bwana uliyeoa Uganda: ndoa peke yake haimfanyi mkeo kuwa raia. Baada ya miaka saba ya ndoa anayo haki ya kuomba kuandikishwa, na neno "haki" limo katika Kifungu cha 15. Kabla ya hapo, sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inamruhusu kuomba ukaazi wa kudumu ndoa ikitimiza miaka mitatu. Mkaazi wa kudumu si raia, hapigi kura, lakini halazimiki tena kuhesabu siku. Utaratibu huu ni sawa kwa mume na kwa mke. Tena usiogope kwamba mkitengana, aliyekwisha kuandikishwa atavuliwa uraia: Katiba inasema waziwazi kwamba uraia haupotei kwa ndoa wala kwa kuvunjika kwa ndoa.

Dada mwenye ndugu Marekani: raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine. Aliyeupoteza kwa sababu hiyo chini ya sheria ya kale anaweza kuomba arudishiwe. Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni wajibu wa kutangaza. Aliyepata uraia wa pili anatakiwa kuiarifu serikali katika muda wa miezi mitatu, na kunyamaza ni kosa ambalo faini yake inaweza kufika shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Na kama ndugu yako ana ndoto ya kugombea ubunge, ajue kwamba afisa wa serikali hakubaliwi kuwa na uraia pacha, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa katika Kifungu cha 78.

Kuhusu kuingia na kufanya kazi: hayo ni mambo mawili tofauti. Tangu Januari 2024 Kenya imeacha kuwatoza wageni viza, na badala yake wengi wao huomba idhini ya kusafiri kwa njia ya kielektroniki kabla ya kuanza safari. Idhini hiyo ni mlango tu. Kazi inahitaji kibali, na vibali vimegawanywa kwa herufi: D ni cha ajira, G cha biashara, I cha wahubiri na watumishi wa mashirika ya hisani, na kadhalika. Anayekwambia kwamba atakupatia "viza ya kazi" kwa wiki moja bila mwajiri na bila karatasi, mwogope kama tulivyopaswa kumwogopa yule dalali wetu.

Kuna kifungu kingine katika sheria hiyo ya 2011 ambacho mtaalamu wa isimu hawezi kukipita bila kusimama. Mgeni aliyekaa nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo anaweza kuomba uraia, na miongoni mwa masharti ni kwamba awe anaelewa na kuzungumza Kiswahili au "lahaja" ya hapa nchini. Katiba ya kwanza ilitaka Kiswahili pekee. Sasa, lahaja ninazozijua mimi ni Kimvita, Kiamu, Kipate, Kivumba na nyinginezo. Nina hakika kwamba watunga sheria hawakuwa na nia ya kumpeleka mgeni Vanga akafunzwe Kivumba. Walikusudia Kidholuo, Kikamba, Kigiryama na lugha nyingine kamili ambazo mkoloni alizoea kuziita vilahaja. Inasikitisha kuona dharau hiyo imeketi raha mustarehe ndani ya sheria iliyotungwa mwaka 2011. Isitoshe, kifungu chenyewe hakisemi ufasaha huo upimwe vipi.

Na huko Kilifi, Kwale na Lamu kulikuwa na watu ambao wangelipita mtihani wowote wa Kiswahili kuwashinda wabunge wetu. Nawataja Wapemba, wengi wao wavuvi, ambao wazee wao walihamia pwani ya Kenya kutoka kisiwani Pemba. Kipemba wanachokizungumza ni lahaja ya Kiswahili kwa maana halisi ya neno. Lugha ya taifa ndiyo lugha ya mama zao, lakini walikaa miongo mingi bila kitambulisho, hadi mwaka 2023 walipotambuliwa rasmi. Kabla yao Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, iliwabidi watembee kutoka Kwale kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016 ndipo wasikilizwe. Nikiwakumbuka hao, taabu ya mpwa wangu naiona kuwa ndogo. Yeye alikuwa na pasipoti moja ya kugongwa mihuri. Wao hawakuwa na hata hiyo.

Lakini yake nayo haijaisha. Nilipompelekea habari njema nilidhani atarukaruka. Alikaa kimya, kisha akauliza: "Na Utanzania wangu, Mjomba?" Swali lilinikata ulimi. Kenya inakubali uraia pacha. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao. Marehemu baba yake aliacha shamba la minazi kaskazini ya Tanga, na sheria ya ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 kwa kawaida haitoi ardhi kwa asiye raia ila kwa ajili ya uwekezaji. Kijana anauliza, akichukua kitambulisho cha upande wa mama, shamba la upande wa baba litakuwaje, naye ana wadogo zake wawili wanaolitegemea. Safari hii sikumjibu.

Kuna na jambo la karatasi. Katika cheti chake cha Tanga jina la mama limeandikwa neno moja, na katika kitambulisho cha dada yangu ni maneno mawili, mfano wa Mwanajuma na Mwana Juma. Mimi ningeweza kuandika kurasa ishirini kueleza kwamba hilo ni jina moja. Ofisini wanataka hati ya kiapo. Dada amekwisha kuapa mbele ya wakili, fomu zimejazwa, na zote zimo katika kabati lake chini ya kanga. Hazijapelekwa. Mpwa wangu ameomba tungoje kwanza jibu la wakili wa Tanga aliyemwandikia kuhusu lile shamba, na pasi yake ya mgeni inakwisha mwezi ujao.