NJIA MBAYA, FURAHA YA MGENI
Siku tatu na magari ya foo-wili katika nchi ya vito, kusini ya Voi

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii twaitumia sana huku pwani tukaribishapo watu majumbani mwetu. Lakini ni mara chache tujiulizapo, sisi wenyewe tukiwa ndio wageni, kama wenyeji wetu hupona kweli au hubaki na vumbi letu tu. Swali hilo lilinikaa moyoni hivi majuzi nilipohudhuria mkutano wa wenye magari ya foo-wili, yaani yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, uliofanywa katika nyika za Taita Taveta, penye machimbo ya vito.

Magari yalikuwa ishirini na kitu. Mengi yalikuwa Land Rover za miaka mingi, ambazo wenyewe huzitunza kama watu wanavyotunza ng'ombe wa maziwa, na Land Cruiser zilizoinuliwa springi. Kila gari lilikuwa na jeki ndefu, winchi mbele, sepeto, mbao za kutilia chini ya tairi penye mchanga, na mapipa ya maji. Wenye magari walikuwa watu wa kila namna: mafundi wa Mombasa, wenye maduka, walimu, na Wahindi na Wazungu waliotoka Nairobi. Sharti la mkutano lilikuwa moja, kwamba hapana kushindana mbio. Kazi ilikuwa kuzipita njia za machimbo zilizokatwa na malori tangu miaka ya 1970, na kutoka na gari zima.

KARAI JUU YA KICHWA

Sisi wa Mombasa tuliondoka baada ya Sala ya Alfajiri. Kama ilivyo desturi ya wasafiri wengi wa barabara ile, tulisimama Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali Shah. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana juu ya mahali hapa. Husimuliwa kwamba Sayyid alikuwa mtu wa Punjab aliyekuja kufanya kazi ya reli, ile iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Wenzake walipobeba makarai ya udongo vichwani, wasema wasimulizi, karai lake lilionekana likielea juu ya kichwa chake pasipo kukigusa. Madereva wa malori husimama hapa kusali na kuomba salama, na si Waislamu peke yao.

Fundi mmoja mzee wa Majengo, aliyekuwa katika gari letu, aliniambia, "Sheikh, barabara hii haikujengwa kwa mashine. Imejengwa kwa vichwa vya watu." Neno hilo lilinifaa baadaye.

Voi ni mwendo wa kilomita 150 hivi kutoka Mombasa. Tuliswali hapo Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kama msafiri aruhusiwavyo, tukanunua mbuzi wawili na kuchinja wenyewe, ili mambo ya kambini yasiwe na shaka. Wenzetu wasio Waislamu walifurahia pilau ile kuliko sisi.

MCHEZO WENYE UKOO

Asidhani msomaji kwamba kupenya nchi hii kwa shida ni jambo la jana. Misafara ya watu wa Mombasa ilikuwa ikipita Taita kwenda Taveta na Kilimanjaro zamani kabla ya gari. Mmisionari Rebmann, anayetajwa vitabuni kuwa Mzungu wa kwanza kuiona theluji ya Kilimanjaro, mwaka 1848, aliongozwa na mkuu wa misafara, Bwana Kheri, aliyeijua njia hiyo tangu kabla yake. Mwaka mmoja nyuma, Rebmann alikuwa amefika Kadiaro, yaani mlima ambao leo twauita Kasigau, na huo ndio uliokuwa mbele ya macho yetu siku zote tatu.

Mchezo wa magari nao una ukoo wake hapa. Mbio za Safari Rally zilianzishwa mwaka 1953, na kwa miaka mingi njia za Milima ya Taita zilikuwa miongoni mwa zile zilizowatoa jasho madereva. Watu wazima wa Voi na Mwatate wangali wakiwataja Joginder Singh na Shekhar Mehta kama watu wa ukoo wao. Kwa muda mrefu magari yaliyoshinda yalikuwa yakisukumwa na magurudumu mawili tu. Ilikuwa mwaka 1987 ndipo gari la foo-wili liliposhinda Safari kwa mara ya kwanza, nalo lilikuwa Audi ya Hannu Mikkola.

Mwaka 1989 ukazaliwa mchezo wa namna nyingine nchini Kenya, uitwao Rhino Charge. Huko hashindi mwenye kasi. Hushinda mwenye kupita vituo vyote kwa masafa mafupi kuliko wenziwe, hata ikibidi apande mwamba au avuke korongo. Fedha zilizochangwa kwa mchezo huo zilisaidia kujenga ua wa umeme wa kilomita 400 hivi kuuzunguka msitu wa Aberdare, kazi iliyokamilika mwaka 2009. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani nitalirudia.

YAKUTI NA KIJANI

Nchi yenyewe ni ardhi nyekundu, miti ya miiba, mibuyu na vichuguu. Zaidi ya nusu ya eneo la Taita Taveta limo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, na ardhi iliyobaki wanaigawana wakulima, wafugaji, mashamba makubwa ya mkonge, ndovu na wachimbaji.

Chini ya ardhi hiyo mna mali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mjuzi wa mawe Campbell Bridges alipata hapa jiwe la kijani ambalo alikuwa amekwisha kuliona Tanzania mwaka 1967. Mwaka 1974 duka la Tiffany la New York lililiita tsavoraiti, kwa jina la Tsavo. Hupatikana ndani ya vinundu kama viazi, vilivyojificha katika mwamba mweusi, na wengi wa viazi hivyo huvunjwa visiwe na kitu. Kule Mangari palionekana yakuti jekundu mwaka 1973, lile jiwe ambalo jina lake limetajwa katika Suratur Rahman. Wamarekani wawili waliolivumbua, John Saul na mwenziwe, walinyang'anywa machimbo mwaka uliofuata, wakalazimika kuondoka nchini. Bridges naye aliuawa Agosti 2009 karibu na Voi, katika ugomvi wa haki za kuchimba. Waama, mawe haya ni mazuri, lakini yamezungukwa na machozi.

Tulipita kando ya mashimo kadha wa kadha. Mengine ni makubwa, yamechimbwa kwa mitambo na kuachwa. Mengine ni membamba kama visima, na ndani yake mna vijana wenye mtaimbo, nyundo, karai na kurunzi iliyofungwa kichwani. Hao ndio wachimbaji wadogo, ambao jina walilobandikwa kule limetokana na neno kuzurura, ingawa sikuona mzururaji hata mmoja. Jiwe likipatikana, dalali hulinunua pale pale shimoni, nalo husafiri hadi Bangkok au Jaipur kukatwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imeagiza kwamba katika ushuru wa madini, asilimia 70 iende Serikali Kuu, 20 kaunti, na 10 jamii ya mahali. Hilo ni jema. Lakini jamii haiwezi kuendesha gari juu ya karatasi ya sheria.

USIKU WA PILI

Siku ya pili tulivuka mkondo wa mto mkavu. Magari matano yalizama katika mchanga hadi ekseli. Wenyewe walishangilia! Walipunguza upepo kwenye tairi, wakafunga winchi katika mbuyu, wakachimba kwa sepeto huku wakicheka. Ilichukua saa nne kwenda mwendo ambao mtu angeutembea kwa saa moja, na kila mtu akasema hiyo ndiyo siku iliyo tamu kuliko zote.

Usiku huo, tumekwisha kula, walikuja wanaume watatu kutoka shimo la jirani. Mwenzao alikuwa ameangukiwa na jiwe, mguu umevunjika. Walikuwa wamemfunga kwa vijiti na leso, wakingojea lori la maji ambalo lingefika kesho kutwa. Land Cruiser moja ikatolewa upesi, godoro likatandikwa nyuma, nami nikaingia pamoja na fundi wetu na mzee mmoja wa Kitaita aliyekuwa mkubwa wa wale wachimbaji.

Mkondo ule ule wa mto ulikuwa mbele yetu. Mara hii hapakuwa na aliyecheka. Kila gari liliporuka, kijana alilia kwa jina la mamake. Tulifika kwenye lami baada ya saa tatu, na hospitali Voi karibu na alfajiri. Kijana alipona, alhamdulillahi, na mguu haukukatwa.

Njiani nilimwuliza yule mzee ni mara ngapi jambo hili hutokea. Akajibu kwa upole, "Mwanangu, nyinyi mwaja kutafuta njia mbaya. Sisi tuna hii moja tu."

BARAZA LA MWISHO

Usiku wa mwisho hapakuwa na mazungumzo mengine kambini. Fundi wetu alitoa shauri: sehemu ya ada ya kila gari iwekwe kando, likodiwe greda, mkondo ule utiwe mawe na saruji, na mashimo yaliyoachwa wazi kando ya njia yazungushiwe miiba na alama. Kijana mmoja, mwenye gari zuri kuliko yote, alipinga. Alisema njia ikitengenezwa, mkutano utakuwa umekufa. "Tutarudi kufanya nini, kuendesha juu ya lami?"

Sikumdharau kijana huyo, kwani alisema wazi jambo ambalo wengine walilificha. Mchezo wao waishi kwa taabu ya njia, na taabu hiyo ina wenyewe. Lakini fundi alimjibu vyema. Alisema nyika hii ina makorongo ya kuchezea mpaka wajukuu wao wazeeke, na wachimbaji hawaombi yote, waombao ni kivuko kimoja. Akawakumbusha Rhino Charge: ikiwa watu walicheza mpaka msitu wa Aberdare ukapata ua, watu wa Voi nao wanaweza kucheza mpaka mgonjwa akapata njia.

Mikono ikainuliwa. Wengi walikubali, na yule kijana akawa wa kwanza kutoa fedha, ingawa uso wake haukuchangamka.

Nami nawaandikia ndugu zangu wa pwani kwa sababu hii. Watu wetu wapita Voi kila siku, kwa basi, kwa gari moshi jipya lililoanza mwaka 2017, na kwa magari yao wenyewe. Vidole vya wengi wetu vina pete za mawe, na ni sunna njema kuvaa pete. Basi tukiitazama pete tukumbuke kwamba jiwe halikuja lenyewe dukani. Lilitoka shimoni kwa karai, likabebwa na mtu. Na mtu huyo anahitaji kivuko.