Picha Kwanza, Mashine Baadaye

Mtu aliyewekewa nyonga au goti bandia hamalizani na hospitali siku anapotolewa nyuzi. Chuma hicho kitakaa mwilini mwake miaka mingi, kikibeba uzito wake kila anapopiga hatua, na njia kuu ya kujua kinaendeleaje ni picha ya eksirei. Daktari huangalia kama kikombe cha nyonga kimekaa kwa pembe iliyokusudiwa, kama shina la chuma lililotiwa ndani ya mfupa wa paja limezama, na zaidi ya yote kama umetokea ule mstari mwembamba mweusi baina ya mfupa na simenti, au baina ya mfupa na chuma chenyewe. Mstari huo ukiwa chini ya milimita mbili na haupanuki, mara nyingi si neno. Ukiongezeka mwaka hadi mwaka, kiungo kinalegea, hata kama mwenyewe bado anatembea bila maumivu. Ndiyo maana picha moja haitoshi. Ukweli hujitokeza picha ya leo ikiwekwa kando ya ile ya mwaka jana.

Kazi hiyo ya kutazama na kulinganisha ndiyo ambayo akili unde inaahidi kuirahisisha. Programu za aina hii hazifundishwi kanuni za udaktari. Hupewa maelfu ya picha ambazo wataalamu wameshazitia alama, hii imelegea, hii iko imara, kisha huachwa zitafute zenyewe ni mpangilio gani wa weusi na weupe unaoandamana na jibu lipi. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Marekani wamechapisha kazi kadhaa zinazoonyesha kwamba programu zinaweza kutambua muundo wa nyonga au goti bandia kutokana na eksirei ya kawaida, na nyingine zinaweza kuonya kuwa kiungo kimelegea. Matokeo hayo si ya kubezwa. Lakini namna mashine inavyojifunza ina jambo ambalo muuzaji hatalitaja kwanza: mashine haijui mfupa, inajua picha ilizoonyeshwa. Kaunti kama Kwale, kabla ya kuuliza ni programu ipi iliyo hodari, inapaswa kujiuliza picha zake yenyewe ziko wapi.

Kwa pwani ya kusini hilo ni jambo la kila siku. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 866,820 Kwale. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Msambweni, na mtu wa Bongwe au Ukunda anayehitaji mtaalamu asiyepatikana huko huvuka Likoni kwenda Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wengi bado huiita Makadara, au katika hospitali za binafsi, au husafiri hadi Nairobi. Wenye uwezo, na waliofanyiwa mchango, huenda India. Diani nako kuna wazee waliohamia kutoka Ujerumani, Uswisi, Italia na Uingereza, na si ajabu kumkuta miongoni mwao aliyebadilishwa nyonga huko kwao kabla hajaja kustaafu ufukweni. Hivyo viungo bandia vya asili nyingi hukutana katika eneo dogo. Kimoja kikilegea, mpasuaji anayekwenda kukitoa anahitaji kujua kimetengenezwa na kampuni gani na ni cha muundo upi, maana kampuni hutofautiana kwa vifaa vya kuchomolea, na sehemu ya kiungo cha kampuni moja mara nyingi haiingiliani na ya nyingine. Karatasi za hospitali zikipotea, shahidi anayebaki ni eksirei.

Katika kazi hiyo ya utambuzi, programu iliyofundishwa ng'ambo ina nafasi nzuri ya kusaidia hata huku, kwa sababu chuma hakibadiliki kwa kuvuka bahari. Nyonga ya kampuni fulani ina umbo lilelile Munich na Msambweni. Kasoro inayoweza kutokea iko wazi: kama programu haikuonyeshwa viungo vilivyotengenezwa India, itavitaja kwa majina ya vile inavyovijua, tena bila kusita. Kasoro hiyo inatibika kwa kuiongezea picha. Kazi ya pili, ya kusoma hali ya mfupa unaokizunguka chuma, ndiyo yenye ugumu, kwa sababu mifupa ya wagonjwa wetu na sababu zilizowafikisha kwenye upasuaji si sawa na za wagonjwa waliozifundisha mashine hizo.

Ushahidi wa tofauti hiyo ni wa zamani. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi akakuta urithi wa selimundu, yaani chembe nyekundu za damu zenye umbo la mundu, umeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, huku ukiwa haba mno katika nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake maarufu kwamba aliyeurithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Aliyeurithi kwa wazazi wote wawili huugua, na miongoni mwa madhara yake ni mishipa midogo ya damu kuziba hadi kichwa cha mfupa wa paja kikakosa damu na kufa. Kijana wa miaka ishirini na kitu anaweza kuishiwa na nyonga ambayo Ulaya huisha kwa uzee. Malawi, iliyoanzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005, iliona jambo linalofanana na hilo: katika ripoti yake ya mwanzo kuhusu nyonga zilizobadilishwa, kichwa cha paja kilichokufa kwa kukosa damu kilikuwa sababu ya kwanza, mbele ya ule usagikaji wa viungo unaotawala orodha za Ulaya.

Umri una maana kubwa hapa. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulikadiria kuwa nyonga bandia 58 kati ya 100 hudumu miaka 25, na magoti 82 kati ya 100. Kwa mzee wa miaka 70 hiyo ni habari njema, huenda chuma kikamzidi umri. Kwa kijana wa miaka 25 maana yake ni kwamba upasuaji wa pili ni wa kutarajiwa, na pengine wa tatu. Huyo ndiye atakayehitaji picha za kumfuatilia kwa miongo, na ndiye ambaye mashine zilizopo zimemwona kwa nadra zaidi. Hata makadirio hayo ya miaka 25 yanatokana na madaftari ya Australia na Finland.

Atatokea wa kusema kwamba mfupa ni mfupa, na mashine iliyoshinda madaktari kwingine itafanya vivyo hivyo hapa. Majaribio yenyewe yanakataa. Mwaka 2019 watafiti wa New York walichunguza programu iliyokuwa ikigundua mivunjiko ya nyonga kwa ufanisi. Wakakuta kwamba sehemu ya ujuzi wake ilitokana na mambo yasiyo mvunjiko: hali ya mgonjwa, na hata mashine iliyotumika kupiga picha. Wagonjwa walipolinganishwa kwa mambo hayo yote, programu ikabaki inabahatisha tu. Mwaka 2022 watafiti wa Adelaide, Australia, walichapisha ukaguzi wa programu nyingine ya mivunjiko ya sehemu ya juu ya paja. Hiyo ilikuwa bora kweli, ikawapita madaktari wa picha ilioshindanishwa nao. Hata hivyo wakaguzi waligundua kuwa ilitatizika palipokuwa na mifupa yenye maradhi mengine, na iliwahi kuukosa mvunjiko uliosogea wazi, ambao daktari yeyote angeuona. Mfupa ulioshambuliwa na selimundu ni mfupa wenye maradhi mengine. Wastani mzuri uliopatikana Adelaide haumwambii daktari wa Msambweni kitu kuhusu mgonjwa huyo.

Dawa ya tatizo hili ni kumbukumbu, na kumbukumbu ndizo zinazotupungukia. Bado wapo wagonjwa wengi wanaorudi nyumbani na filamu zao katika bahasha kubwa ya kaki. Bahasha huwekwa chini ya godoro au juu ya kabati, joto na unyevu wa Pwani hugandamanisha filamu, na baada ya miaka mitano hakuna cha kulinganisha. Panapohitajika ushauri wa haraka, filamu huinuliwa kwenye mwanga wa dirisha, ikapigwa picha kwa simu na kutumwa kwa WhatsApp. Daktari mzoefu anaweza kuambulia kitu humo. Programu iliyozoea faili safi iliyotoka moja kwa moja kwenye mashine ya eksirei itaona kivuli cha fremu, alama ya kidole na mwako wa taa, na mstari wa milimita mbili utapotelea humo. Mambo haya hayatatuliwi na akili unde ya kiwango chochote. Yanatatuliwa na seva, umeme usiokatika, namba moja ya mgonjwa isiyobadilika kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa, na karani anayejua kwamba kibandiko cha kiungo kinachotoka na boksi lake kinapaswa kubaki katika faili la mgonjwa.

Sweden ilianza daftari lake la magoti mwaka 1975 na la nyonga mwaka 1979, miongo kadhaa kabla ya programu hizi kufikiriwa. Uingereza na Wales zilifuata mwaka 2003. Thamani ya kazi hiyo isiyo na mbwembwe ilionekana mwaka 2010, nyonga za chuma kwa chuma za aina ya ASR za kampuni ya DePuy, zilizokuwa zimeshawekewa watu wapatao 93,000 duniani, zilipoondolewa sokoni. Miongoni mwa walioonya mapema lilikuwa daftari la Australia, kwa kuhesabu tu ni wagonjwa wangapi walikuwa wakirudi kupasuliwa upya. Daftari lilitangulia, na leo daftari hilohilo ndilo linaloweza kuilisha mashine.

Pingamizi zito zaidi ni la vipaumbele. Kwa nini kaunti yenye wajawazito wanaosafiri mbali kutafuta huduma ijishughulishe na nyonga bandia za watu wachache? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama hifadhi ya picha ingekuwa ya nyonga bandia peke yake. Mfumo unaotunza picha ya kiungo bandia ndio utakaotunza ya kifua cha mgonjwa wa kifua kikuu, ya mguu wa kijana aliyeanguka na bodaboda kwenye barabara ya Likoni hadi Lungalunga, na ya mgema aliyeporomoka kutoka mnazini. Mwanzoni mwa 2025 NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilikubali programu nne za kusaidia kugundua mivunjiko zitumike katika huduma za dharura, kwa masharti ya kuendelea kukusanya ushahidi. Kiungo bandia ni mtihani mkali wa mfumo huo kwa sababu kinadai kumbukumbu ya miaka mingi. Mfumo utakaoufaulu mtihani huo utawafaa na wengine wote.

Wengine watasema nusu shari kuliko shari kamili: wataalamu wa kusoma picha wamejaa Nairobi na Mombasa, basi programu yenye kasoro si afadhali kuliko kukosa kabisa? Jibu linategemea ilivyoingizwa. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kukodi vifaa tiba kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Kamati maalumu ya Seneti ilipoukagua, ripoti yake ya 2020 ilionyesha kuwa baadhi ya vifaa vilikaa bure kwa kukosa umeme, maji au wataalamu. Upande mwingine kuna mfano wa kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lilipoidhinisha mwaka 2021 programu za kusoma eksirei za vifua kwa watu wa miaka 15 na zaidi, halikusema zinunuliwe na kuwashwa tu. Lilitoa pia mwongozo wa kila nchi kupima na kuweka kiwango chake cha kuamua nani apelekwe vipimo zaidi. Tahadhari ya namna hiyo ndiyo inayogeuza programu ya kigeni kuwa chombo cha kwetu, na haikuzuia kazi kuendelea.

Kuhusu siri ya mgonjwa na nani atawajibika mashine ikikosea, sheria imeshasema mengi kuliko inavyodhaniwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, na kifungu chake cha 35 kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Maana yake hospitalini ni kwamba programu inaweza kunyoosha kidole, lakini jina linaloandikwa chini ya ripoti ni la mtaalamu. Njia ya mkato ya namna yoyote hapo, hata kwa nia ya kupunguza foleni, utamwacha mgonjwa bila wa kumuuliza.

Kwa hiyo siku wauzaji watakapofika Kwale na kompyuta zao, majadiliano yaanze na masharti matatu. Programu ipimwe kwanza kwa picha za hospitali za Pwani, zikiwemo za wagonjwa wa selimundu, na matokeo yake yatajwe kwa kundi hilo peke yake badala ya kufichwa ndani ya wastani. Picha zibaki mali ya mgonjwa na kaunti, katika muundo ambao kampuni nyingine pia inaweza kuusoma mkataba ukiisha. Na bajeti ya kuhifadhi picha, kulipa wapiga picha na kurekodi vibandiko vya viungo bandia ipitishwe kabla ya ile ya leseni ya programu. Muuzaji atakayeyakubali masharti hayo anastahili kusikilizwa. Na hata asipotokea wa kuyakubali, sharti la tatu lina faida bila yeye: daktari wa Msambweni mwenye picha tano za nyonga moja, zilizopangwa kwa miaka, ameshapata nyingi ya taarifa ambazo mashine ingehitaji ili imsaidie.